Kununua franchaizi ya studio ya mazoezi: nijue nini kabla sijasaini?

TumainiLaAsubuhi

Habari zenu wadau. Naombeni mawazo hasa kutoka kwa waliowahi kumiliki au kufanya kazi kwenye hizi studio ndogo za mazoezi. Sizungumzii jimu kubwa zenye kila kitu, nazungumzia zile za darasa la watu kumi na kitu, zoezi la aina moja, iwe pilates au baiskeli au ndondi, mtu anabuki nafasi yake kwenye simu anakuja saa yake anafanya anaondoka.

Mimi ni mteja wa hizi studio kwa muda mrefu, mgongo wangu umepona huko, na natamani kwa dhati kumiliki moja. Kuna dalali wa franchaizi (yaani unalipa ili utumie jina na mfumo wa chapa ya mtu) alinitafuta akaniunganisha na chapa moja (jina naliweka pembeni), tumefanya vikao vya mtandaoni na kiukweli wamenivutia, wana mafunzo, wana mfumo wa kuuza, hadi ramani ya ndani na mashine wanakuletea wao. Wanasema naweza kubaki na ajira yangu nikawa naisimamia kwa masaa machache tu kwa wiki. Tatizo wanataka nisaini mwisho wa mwezi huu kwa sababu eneo ninalolitaka eti kuna mtu mwingine analinyemelea.

Mtaji ninao kiasi, unaobaki ni mkopo, na benki wanataka nyumba yetu iwe dhamana. Mume wangu hajakataa ila ameniambia nitafute watu wanaojua niwaulize maswali magumu. Ndio nimekuja, niambieni ukweli, hata ukiniumiza.

HesabuKwanza

Dada Tumaini karibu, na mpe pole na hongera mume wako, ushauri aliokupa ni mzuri. Mimi ni mhasibu, kati ya wateja wangu wapo wenye studio za namna hiyo, kwa hiyo naongea kutokana na vitabu nilivyoviona.

Cha kwanza kabisa, mrabaha, yaani ile asilimia unayomlipa mwenye chapa, unakatwa kwenye mauzo ghafi, sio kwenye faida. Watu wanasikia 7% wanaona ndogo. Sasa weka hiyo 7%, ongeza mfuko wa matangazo 2%, ongeza ada ya mfumo wa kompyuta na app, tuseme jumla 10%. Studio ambayo bila makato hayo ingebaki na 20% ya mauzo, inabaki na 10, yaani nusu ya faida yako imeshaondoka. Na studio ambayo ingebaki na 8% inaingia hasara huku mwenye chapa anapokea chake kila wiki kama kawaida, maana wengi wanajikatia wenyewe moja kwa moja kwenye akaunti kabla wewe hujalipa mtu yeyote. Ndio maana utaona makao makuu wanapenda sana promosheni za punguzo, mauzo yakipanda wao wameshapata, kama kuna kilichobaki au hakuna hiyo ni juu yako.

Pili, acha kuhesabu kwa pesa, geuza kila gharama iwe memba. Hii nawafanyisha wateja wangu wote. Chukua ada ya mwezi ya memba mmoja halafu jiulize pango linakula memba wangapi, walimu wanakula wangapi. Nakupa mfano wa kubuni ila sio wa ajabu: pango memba 50, walimu wa madarasa memba 60, meneja na mapokezi 30, rejesho la mkopo wa ujenzi na mashine 40, umeme usafi bima leseni ya muziki na matengenezo 15. Hapo ni 195. Bado makato ya chapa 10%, kwa hiyo unahitaji memba kama 217 ili ufike sifuri, mwenyewe hujajilipa hata senti.

Sasa geukia upande wa pili uone chumba chako kinabeba watu wangapi. Mashine 12, madarasa 8 kwa siku, siku 6, ni nafasi 576 kwa wiki. Lakini nani anakuja saa tano asubuhi au saa nane mchana? Watu wanataka kabla ya kazi na baada ya kazi. Ukijaza 60% ya nafasi zote umefanya kazi nzuri, hiyo ni nafasi 345, memba akija mara mbili kwa wiki umehudumia watu 172. Umeona hapo? Unahitaji 217 na chumba kinakupa 172. Ukipandisha ujazaji hadi 75% unapata 216, yaani umekaza hadi mwisho na bado umepungukiwa memba mmoja. Hakuna matangazo yatakayoponya hesabu ya namna hiyo, kosa lilishafanyika siku ya kusaini pango na kuchagua ukubwa wa chumba.

Fanya hesabu hii kwa namba zako halisi kabla hujaongea tena na huyo dalali.

TumainiLaAsubuhi

Dah. Asante sana HesabuKwanza, nimekaa na kalamu. Mashine wanazopendekeza ni 10, sio 12. Sijawahi kuambiwa hiki kitu cha nafasi kwa wiki, wao wananiambia tu "studio zetu zinafikisha memba wengi ndani ya mwaka wa kwanza".

HesabuKwanza

Hapo ndio pa kuuliza memba wangapi wanaondoka, sio wangapi wanaingia. Wakipotea 5% kwa mwezi inasikika kidogo, ila ukiianza Januari na watu 200 na usiongeze hata mmoja, baada ya miezi 12 umebaki na kama 108. Kuna hesabu fupi, memba wapya kwa mwezi gawanya kwa asilimia ya wanaotoka, hapo ndipo studio itakapogota. Ukiingiza 15 kila mwezi na wanatoka 5%, dari yako ni 300. Wakitoka 8% dari ni 187 tu hata ukitangaza vipi. Kwa hiyo muulize kila mmiliki utakayeongea naye swali hilo hilo, kwa mwezi wanatoka asilimia ngapi, na ukiona mtu hajui namba yake ujue naye anaongea kwa matumaini.

chumakizito

Nimekuwa kocha halafu meneja wa studio kwa miaka, sio mmiliki, kwa hiyo naongezea vitu ambavyo haviko kwenye karatasi.

Hilo la masaa machache kwa wiki naomba ulitoe kichwani kabisa. Studio ya namna hii inauza mtu, haiuzi mashine. Mteja anamfuata mwalimu fulani wa saa kumi na mbili asubuhi, anajua jina lake na magoti yake yanayouma, na huyo mwalimu akiondoka kwenda studio ya jirani anaondoka na nusu ya darasa bila hata kuwashawishi. Kumpata mwalimu mzuri, kumfundisha mtindo wa chapa (mara nyingi unalipia wewe mafunzo), halafu kumbakiza, hiyo ndio kazi yenyewe. Mwalimu anakutumia ujumbe saa tano usiku kwamba mtoto anaumwa na darasa lake la alfajiri lina watu 11 wameshabuki, hapo unafanya nini? Kama una meneja hodari atahangaika yeye, ila meneja hodari ana bei na kwenye zile karatasi za makadirio mara nyingi mshahara wake umewekwa mdogo au haupo kabisa, wamechukulia kwamba meneja ni wewe. Angalia mstari huo.

Kingine, mauzo ya kabla ya kufungua. Chapa nyingi zinakutaka uuze uanachama miezi kadhaa kabla, kibanda kidogo, vipeperushi, memba waanzilishi wanapewa bei ya chini ambayo haipandi kamwe. Siku ya kufungua studio imejaa, kila mtu ana furaha, picha zinapigwa. Baada ya miezi mitatu minne wale waliokuja kwa ajili ya upya wa kitu wanaanza kupungua na waliobaki ndio hao wa bei ya chini, wanashika zile nafasi nzuri za asubuhi na jioni, mteja mpya wa bei kamili anakosa pa kubuki. Nimeliona hili kwa macho zaidi ya sehemu moja. Wewe weka kikomo cha hiyo ofa, idadi na muda, kama mkataba unakuruhusu. Na kama haukuruhusu hilo nalo ni jibu.

Halafu majirani. Muziki na mtu anayedondosha vyuma saa kumi na mbili alfajiri. Kabla hujasaini fremu nenda na spika yako, wekeni besi kwa sauti mtakayotumia darasani, mwingine asimame chumba cha juu na wa pembeni asikilize. Studio niliyofanyia kazi iliishia kufuta madarasa ya alfajiri kwa sababu ya malalamiko ya ofisi ya juu, na hayo ndio madarasa yaliyokuwa yanalipa pango.

pumzi_ndefu

Mimi ninayo franchaizi, ni ya yoga, na sitaki dada aondoke hapa anadhani wote tunalia. Bila chapa nisingejua kupanga ratiba, nisingejua kuuza vifurushi, nisingepata fremu niliyopata kwa sababu mwenye jengo alimwamini mpangaji mwenye jina. Simu ya kwanza ya kila wiki naongea na wamiliki wenzangu, tunapeana namba, hilo pekee naona linastahili mrabaha ninaolipa. Na niko hapo kila siku, sina ajira nyingine.

Ila nakubaliana na chumakizito asilimia mia kuhusu kusimamia ukiwa mbali. Wenzangu walionunua wakabaki na kazi zao wengi wao wameuza au wanauza.

Kingine ambacho sijakiona kimesemwa, zile app zinazomuuzia mteja uanachama mmoja akaingia studio yoyote, kama ClassPass. Zinakujazia nafasi za saa mbovu na hiyo ni nzuri, lakini wanakulipa kwa ziara, chini ya bei yako. Weka nafasi chache na za saa ambazo zingekaa tupu. Baadhi ya chapa zinakulazimisha ushiriki, soma.

TumainiLaAsubuhi

Asante pumzi_ndefu umenipa moyo kidogo. Swali: dalali amenitumia karatasi inaonyesha "wastani wa mauzo ya studio zetu" na kwa kweli namba ni nzuri sana. Hii naiaminije? Na kuna mkataba wa kurasa nyingi mno, rafiki yangu ananiambia mikataba hii haibadilishwi kwa hiyo hakuna haja ya kulipa mwanasheria.

wakili_wa_mikataba

Ndugu Tumaini, naomba unisome taratibu, hapa ndipo nyumba yako ilipo.

Tuanze na dalali. Analipwa kamisheni na chapa pale unaposaini. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa lakini hapati kitu ukisema hapana, kwa hiyo ushauri wake kuhusu haraka hiyo ya mwisho wa mwezi upime kwa kipimo hicho. Sheria za nchi kadhaa zimetambua kwamba haraka ndiyo inayoumiza watu. Marekani, kanuni ya FTC, tume yao ya serikali ya biashara, inataka upewe waraka wa taarifa, wenyewe wanauita FDD, angalau siku 14 kabla hujasaini au kulipa chochote. Australia wana kanuni yao yenye siku 14 za kusoma pia, na baada ya kusaini mkataba mpya una siku nyingine 14 za kubadili mawazo. Afrika Kusini sheria yao ya ulinzi wa mlaji ya mwaka 2008 inampa mnunuzi wa franchaizi siku 10 za kazi baada ya kusaini kujitoa bila adhabu. Nchi nyingi hazina sheria maalumu ya franchaizi kabisa, na kama yako ni mojawapo basi ulinzi wako ni kile tu kilichoandikwa kwenye mkataba. Hata hivyo kama chapa yako inauza pia Marekani, FDD yake ipo, omba uipewe, na baadhi ya majimbo kule wanaziweka hadharani mtandaoni unaweza kuisoma bila kumuomba mtu.

Huo waraka una vipengele 23 na vyote vina namba zilezile kwa kila chapa, ndio uzuri wake. Cha 3 ni kesi, cha 6 ni ada zote utakazokuwa unalipa baada ya kufungua, cha 7 ni makadirio ya mtaji wa kuanzia. Cha 8 kinasema vitu gani lazima ununue kwa wao au kwa watu wao na kama wanapata kitu juu ya manunuzi yako, na kwenye studio hili ni kubwa maana mashine, sakafu, taa, hadi soksi za kuuza mapokezi vinaweza kuwa humo. Cha 12 ni eneo.

Karatasi ya wastani wa mauzo ilipaswa kutoka kwenye kipengele cha 19. Hicho si lazima, chapa inaweza kuamua isitoe namba zozote, ila ikitoa lazima ziwe na msingi na zionyeshe zimetoka kwa studio zipi. Kwa hiyo soma maandishi madogo chini ya jedwali. Wastani wa studio zote au za robo ya juu? Zilizofunguka mwaka mzima tu? Kama zilizofungwa katikati ya mwaka zimetolewa basi unaangalia wastani wa walionusurika. Tafuta pia namba ya katikati, maana studio tatu zinazofanya maajabu zinaweza kuvuta wastani wa zote. Na mauzo sio faida, HesabuKwanza ameshakuonyesha. Namba ya mdomo au ya ujumbe wa simu kutoka kwa dalali ambayo haimo kwenye waraka, muombe aiandike kwa barua pepe uone atajibu nini.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni cha 20. Kina majedwali ya miaka mitatu, studio ngapi zimefunguka, ngapi zimefungwa, ngapi zimehamishiwa mmiliki mwingine, ngapi zimerudishwa kwa chapa. Kuna jedwali la mikataba iliyosainiwa ambayo studio zake bado hazijafunguka, ukikuta ni nyingi sana ukilinganisha na zilizo wazi, jiulize kwa nini watu wamelipa ada ya kuingia na hawafungui. Angalia uhamisho pia, studio inayouzwa kwa bei ya hasara kwa mtu mwingine haihesabiki kama iliyofungwa, kwenye jedwali inaonekana ni uhamisho tu. Na mwisho kuna orodha ya walio ndani na walioondoka mwaka uliopita na mawasiliano yao.

Kuhusu rafiki yako, ni kweli chapa kubwa hazipendi kubadilisha mkataba, lakini mwanasheria humlipi kwa ajili ya kubadilisha tu, unamlipa akuambie unachokubali. Haya mambo manne muulize kwa jina. Moja dhamana binafsi: hata ukifungua kampuni, benki, mwenye jengo na pengine chapa watataka usaini wewe mwenyewe, na mume wako. Mikopo ya SBA, wakala wa serikali wa biashara ndogo kule Marekani, inamtaka kila mwenye 20% na kuendelea asaini dhamana binafsi. Mbili, ukifunga mapema unadaiwa nini, maana mikataba mingine inadai mrabaha wa miaka iliyobaki. Tatu, katazo la kushindana, kama ukitoka hutaweza kufundisha wala kumiliki kitu kinachofanana kwa muda na umbali fulani, kwa mtu anayependa fani kama wewe hilo ni zito. Nne, muda wa franchaizi na muda wa pango vinalingana? Nimeona mkataba wa chapa wa miaka 10 juu ya pango la miaka 5 ambalo mwenye jengo hana wajibu wa kuliongeza.

HesabuKwanza

Hapo kwenye kipengele cha 7 niongeze, angalia mstari wa mtaji wa kuendeshea miezi mitatu ya mwanzo. Miezi mitatu tu ndio kawaida yao kuonyesha. Studio inaweza kuchukua mwaka na zaidi kufika sifuri. Na ujenzi ukichelewa kwa kibali au kwa hewa na umeme, pango linaweza kuwa limeanza kuhesabiwa na mlango bado umefungwa. Kwenye pango pigania kipindi cha bure kihesabiwe kuanzia siku ya kufungua, kisianzie siku ya kusaini.

msomaji_wa_soko

Wadau mmeongelea studio, mimi niongelee chapa yenyewe, kwa sababu unafunga ndoa na kampuni ambayo kesho inaweza kuwa ya mtu mwingine.

Curves ilianza Texas mwaka 1992, studio ndogo za wanawake, zoezi la nusu saa kwa kuzunguka mashine, ikaanza kuuza franchaizi 1995 na katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa na matawi karibu 10,000 duniani. Gharama za kufungua zilikuwa ndogo, zikafunguka karibu karibu mno, zikanyang'anyana wateja, halafu jimu za bei ya chini zikaja. Sehemu kubwa ya matawi ya Marekani yakafungwa. Wazo lilikuwa zuri na liliwasaidia wanawake wengi sana ambao wasingeingia jimu ya kawaida, na bado wamiliki wakaumia.

F45 ya Australia, nayo ni chapa ya studio za mazoezi, iliingia soko la hisa la New York Julai 2021. Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2022, mkurugenzi mtendaji Adam Gilchrist akaachia ngazi, kampuni ikatangaza kupunguza kama 45% ya wafanyakazi wake na ikashusha vibaya makadirio ya franchaizi mpya itakazouza. 2023 ikajiondoa kwenye soko. Sasa fikiria wewe ni mmiliki wa studio uliyoahidiwa msaada wa makao makuu, na karibu nusu ya wafanyakazi wa kampuni wanaondolewa kwa mkupuo.

Xponential, kampuni ya Marekani ambayo mwaka 2024 ilikuwa na Club Pilates, Pure Barre, CycleBar na nyingine, mwaka huo huo iliziachia chapa zake mbili, Stride na Row House. Mmiliki wa tawi hakupiga kura. Na kampuni yenye chapa nyingi ina swali la ziada, eneo ulilopewa linakulinda dhidi ya tawi jingine la chapa ileile, je linakulinda dhidi ya chapa dada itakayofunguliwa mlango wa pili na kumchukua mwalimu wako?

Ninachoangalia mimi ni hiki: chapa inapata pesa wapi zaidi, kwenye ada za kuuza franchaizi mpya na kuuza mashine, au kwenye mrabaha wa studio zinazofanya kazi? Taarifa zake za fedha ziko kipengele cha 21. Chapa inayoishi kwa kuuza leseni mpya ikikosa wanunuzi wapya inakosa pumzi, na wewe uliye ndani ndio unabaki na jina.

pumzi_ndefu

Hili la msomaji ni kweli tupu. Mimi kabla sijanunua niliangalia wamiliki wenye tawi moja wangapi wameongeza la pili kwa hela zao. Mtu aliyeishi ndani ya biashara miaka mitatu akaamua kuongeza, huyo ameshaona vitabu vyake.

TumainiLaAsubuhi

Jamani nawashukuru kutoka moyoni. Nimemwambia dalali sisaini mwisho wa mwezi, ghafla yule mtu mwingine anayelinyemelea eneo hakutajwa tena. Nimeomba waraka wote na nimepata, kipengele cha 20 kinaonyesha mikataba iliyosainiwa haijafunguka ni mingi kuliko studio zilizo wazi. Mume wangu amesoma akanyamaza.

Sijakata tamaa na studio, nimekata tamaa na haraka. Naanza kuwapigia walioondoka. Niwaulize nini ili wasinione mpelelezi? Na kuna mmoja amenijibu kwa ujumbe kwamba haruhusiwi kuongea.

wakili_wa_mikataba

Huyo asiyeruhusiwa pengine amesaini makubaliano ya kunyamaza alipoondoka. Usimsukume, ila jua kwamba kwenye kipengele cha 20 chapa inatakiwa kueleza kama kuna wamiliki waliosaini vifungu vya kuwazuia kuongea ndani ya miaka mitatu iliyopita. Angalia kama wameandika. Wakiwa hawajaandika na wewe umeshampata mmoja, mpelekee mwanasheria wako.

chumakizito

Wapigie jioni baada ya madarasa au katikati ya mchana, asubuhi usijaribu. Jitambulishe, sema unafikiria kununua na una familia, watu wakisikia hivyo wanafunguka kuliko unavyodhani. Muulize kama angepata nafasi ya kuchagua upya angechagua fremu ileile. Muulize mwezi wa ngapi alianza kujilipa mshahara, na kama alilipwa kabisa. Ujenzi ulizidi makadirio ya chapa kwa kiasi gani. Akiwa na shida na kupiga simu makao makuu nani alipokea na ilichukua muda gani kupata jibu. Walimu walikaa muda gani. Halafu mwache aongee, usimkatize, utakayoyapata ni yale anayoanza kusema baada ya kukuambia "basi ndio hivyo".

Na ongea na walio ndani pia, ila usianze na wale uliopewa majina na dalali. Chukua orodha chagua mwenyewe, wa studio mpya, wa studio ya zamani, na wa studio iliyo kwenye eneo linalofanana na lako kwa kipato. Ukiweza nenda ukae nje ya studio mojawapo Jumanne saa kumi na mbili asubuhi na Alhamisi jioni, hesabu wanaoingia. Halafu rudi saa tano mchana uhesabu tena.

HesabuKwanza

Na ukimaliza hizo simu weka zile namba za memba upya, kwa mashine 10 walizokupa. Ukijaza 60% ni nafasi 288 kwa wiki, memba 144 wa mara mbili kwa wiki. Waulize wamiliki wenye mashine 10 kama wanalipa pango lao kwa watu hao. Kama wanaweza, niandikie inbox na makadirio yako tuyapitie mstari kwa mstari, sikutozi.